Vidonge Sita katika Pindo la Kanga

"Bibi yetu, leo uji tumeumaliza wote?" daktari aliuliza. Kabla ya kujibiwa, akamgeukia Raya, binti wa mgonjwa. "Mwambie aendelee na vile vidonge vyeupe. Kizunguzungu hicho ni uzee tu."

Bi Mize hakuelewa kwa nini apelekewe maneno na mwanawe, ilhali alikuwa ameketi hapo hapo na alisikia vizuri. Alishangaa zaidi kujikuta akitabasamu. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akamwaga mezani vidonge sita vyeupe.

"Mwanangu daktari," alisema taratibu, "siku sita sikuvimeza, na sikuanguka. Nilipokuwa nikivimeza nilianguka mara mbili."

"Mama, si uliniambia unameza?" Raya alinong'ona.

Daktari alicheka. "Bibi huyu mjanja. Atatunyang'anya kazi."

Bi Mize alishindwa kupambanua kama amesifiwa au amekemewa. Aliirudisha mikono yake magotini. Daktari aliokota kidonge kimoja ili amrudishie, akakigeuza upande wenye namba ya kipimo, na kicheko kikamwisha. Alifungua faili, akasoma kipimo alichoandikiwa mgonjwa, akakitazama tena kidonge; namba hazikulingana. Kisha akavuta kiti chake hadi mbele ya Bi Mize.

"Ulianguka lini, mama?"

Bi Mize alimtazama binti yake, akingoja ajibu, wala hakutambua upesi kwamba safari hii anaulizwa yeye.