Mshiriki wa Nne

Tunu alisoma mpaka namba ya ukurasa. "Mbili," alisema kwa Kiingereza, kisha akaendelea na aya iliyofuata. Hakuna aliyecheka.

Walikuwa watu kama sitini katika ukumbi ule wa Kibaha, wengi wao wahadhiri. Kongamano lilihusu jinsi watu wazima wanavyojifunza lugha ya pili, na mada zote ziliwasilishwa kwa Kiingereza. Asubuhi mwenyekiti wa kikao, Dakta Zubeir, alimpokea mlangoni akiwa na ratiba mkononi. Saa nne palikuwa pameandikwa F. Mwinjuma.

"Bi Mwinjuma?"

"Ndiyo."

"Karibu sana. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Neno pole alikuwa amelisikia wiki nzima, mpaka likapoteza maana masikioni mwake.

Aliondoka Kisarawe alfajiri. Majamvi ya msiba yalikuwa bado yametandikwa uani. Mdogo wake, Tatu, alimfuata mpaka barabarani.

"Dada, watu bado wanakuja kutupa pole. Hakuna atakayekulaumu usipokwenda."

"Kazi imeshaandikwa, Tatu. Acha isomwe."

Tangu msiba utokee alikuwa hajalia. Chai aliyopewa pale ukumbini aliinywa yote bila kujua kama ilikuwa na sukari. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu. Aliweka kidole chini ya mstari, akasoma.

Utafiti uliwafuatilia washiriki wanne kwa miaka miwili wakijifunza Kiingereza. Watatu walikuwa vijana wa viwandani Zegereni, waliokihitaji ili waelewane na mafundi wa kigeni. Wa nne alikuwa mama wa Kisarawe, muuza mihogo aliyeishia darasa la saba. Alipoulizwa anakitakia nini Kiingereza, alijibu: "Nimechoka kuitikia nisichokielewa."

Vijana walikwenda haraka. Yule mama alijikokota. Kwa kuwa Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, kila mara alimtaja mwanamke kwa neno la mwanamume. Akikwama katikati ya sentensi alicheka, akaanza upya tangu mwanzo.

Hapo ilipangwa isikilizwe rekodi ya dakika moja, mtafiti na mshiriki wa nne wakizungumza jikoni. Fundi wa vipaza sauti alimtazama Tunu, akisubiri ishara.

Tunu alitikisa kichwa. "Tusonge mbele."

Hitimisho lilikuwa fupi. Vijana wangefika mbali. Mshiriki wa nne angeishia kuzungumza na mtu mmoja anayemwamini. Asitarajiwe kusimama mbele ya wageni akaeleweka.

Watu walipiga makofi ya adabu. Mhadhiri mmoja kijana, Hajra, aliyeketi mstari wa mbele, akanyoosha mkono.

"Nina swali kuhusu mshiriki wa nne. Inasemwa hawezi kuzungumza mbele ya wageni, lakini sijaona mahali alipojaribiwa. Hukumu hiyo imetoka wapi?"

Tunu aliutazama ukurasa. Jibu halikuwamo. Akaufunua uliofuata, ulikuwa mtupu.

Dakta Zubeir akamwinamia, akanong'ona, "Bi Mwinjuma, ukipenda jibu kwa Kiswahili. Hapa sote tunaelewana."

"Ahsante. Nitajibu kwa Kiingereza."

Aliziweka karatasi mezani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze aliinua macho akawatazama watu usoni. Alipanga maneno kichwani, moja baada ya jingine. Alianza, akakwama, akaanza upya.

"Hapo mwandishi alikosea," alisema polepole, na kila mtu alimsikia. "Mshiriki wa nne ni mimi. Mwandishi ni binti yangu, Firdausi. Tulimzika Jumatano."