Mashine ya Mustafe

Aden alipotamka neno ndoa, kompyuta ya marehemu mdogo wake ilizimika.

Ruweyda, mjane wa marehemu, aliondoa vidole kwenye herufi. Pangaboi darini liliendelea kuzunguka, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Bi Rukiyo, mama yake Aden, aliyeketi mkekani kando ya mashine, alisitisha tasbihi yake.

"Ni joto tu," Aden alisema. "Garissa hii hata mbuzi huzimia."

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Tangu eda ya Ruweyda iishe, kila Aden alipokuja nyumbani kwake mtaa wa Iftin baada ya alasiri kuzungumzia dumaal, ile desturi ya mtu kumwoa mjane wa nduguye, mashine ilimkatiza. Ilizimika kwa mlio mdogo, tk, kama mtu anayegonga ulimi kwenye kaakaa. Hivyo ndivyo Mustafe alivyokuwa akisema hapana. Tangu utotoni hakulihitaji neno lenyewe.

Kompyuta hiyo Mustafe aliiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, kwa vifaa alivyovinunua Nairobi, na sasa Ruweyda alikuwa akiishi kwa kuwachapia watu barua. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilipoufurisha mto Tana, mashua aliyoipanda Mustafe kule Masalani ilipinduka. Aden ndiye aliyeitambua maiti. Ndiye aliyemshusha kaburini. Tangu hapo alikuwa akimwota amesimama majini hadi kiunoni, anamtazama tu.

Hakuitaka ndoa hii. Huko Wajir alikuwa na mke, Safiyo, ambaye tangu asikie habari hiyo alikuwa akimpakulia chakula bila kumtazama usoni. Ruweyda naye hakusema anataka wala hataki. Lakini wazee wa ukoo walisema mjane haachwi nje, na Aden hakuwa mtu wa kuwakatalia wazee.

Alimleta Ayanle, fundi wa redio na televisheni sokoni. Ayanle alikifungua kisanduku, akapuliza vumbi, akaitia mafuta feni ndogo ya nyuma.

"Hii ndiyo inayotoa joto," alieleza. "Ikikosa hewa, mashine hujizima yenyewe isije ikaungua. Lakini mbona ni nzima?"

Akaenda nayo dukani kwake, akaiwasha kutwa. Haikuzimika. Ikarudishwa Iftin. Aden akaja, akanywa chai, akazungusha maneno, hatimaye akataja mahari.

Tk.

Kisomo kikafanywa na ubani ukafukizwa hadi macho yakawasha. Aden aliporudi na maneno yale yale, ikazimika tena. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba marehemu hajaridhia. Aden akawa haonji usingizi bila kuyaona yale maji.

"Nataka kujua kama ni joto au ni ndugu yangu," alimwambia Ayanle. "Wazee wanakuja kufunga maneno. Tutakutana asubuhi, jua halijawa kali. Kifuniko kitolewe, feni ionekane. Kaa nayo wewe, mtu mwingine yeyote asiikaribie."

Ikawa hivyo. Asubuhi hiyo kulikuwa na kaubaridi ka mto. Wazee waliketi kwa mduara, na Ayanle akakaa ubavuni mwa mashine iliyokuwa wazi, kiganja amekilaza juu ya bati lake. Feni ilikuwa ikivuma kwa utulivu, na herufi nyeupe ziliwaka kwenye kioo.

Mzee Bare, msemaji wa ukoo, alimgeukia Aden. "Mbele ya jamaa hawa, unamchukua mke wa nduguyo?"

"Mimi, Aden, namchu—"

Tk.

Hakuna aliyesogea. Pangaboi liliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyao. Ayanle alikuwa bado ameshika bati.

"Ni baridi," alisema polepole. "Na feni ilikuwa inazunguka. Nilikuwa naitazama."

Aden alihisi maji yakimpanda, miguu, magoti, kiuno. Aliposema, hakumwambia mzee Bare wala fundi.

"Nimekusikia, Mustafe."

Kisha akawageukia wazee. "Simwoi. Ruweyda ni dada yangu. Watoto wangu wakila, naye atakula. Lakini simwoi."

Mzee Bare alikitazama kile kioo cheusi, akajipangusa uso kwa kiganja, wala hakubisha.

Watu walipotawanyika, Aden alizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye tangi, akanawa uso. Kifua kilikuwa chepesi kwa namna aliyokuwa ameisahau. Leo hii angepanda gari arudi Wajir. Angemwambia Safiyo kabla hata hajavua viatu.

Dirisha lilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Humo ndani alimsikia mama yake akicheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Binti yangu, leo umenipita. Siku zote ni mimi na ncha ya shali yangu, naiziba ile feni taratibu huku navuta tasbihi, nikimhurumia Safiyo, nikikuhurumia na wewe. Leo wameniketisha kule mlangoni, nikasema basi, tumekwisha. Kumbe una ujanja wako. Hebu niambie, ulifanyaje?"

Ruweyda alisogea karibu naye.

"Hooyo, mama yangu," alisema, "mimi nilikuwa jikoni. Nilidhani ni wewe."