Soksi za Alhamisi

Nilimpima Onezwa mara tatu shuleni, na mara zote presha yake ilikuwa 138 kwa 90. Ana miaka tisa. Nikaenda kwao, KwaZakhele, kumwambia bibi yake.

Geti lilikuwa na kufuli. Bibi alikuwa ameshavaa sare ya maombi ya Alhamisi ya akina mama: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, soksi ndefu nyeusi. Bila soksi hizo huruhusiwi kuingia kanisani. Nikampitishia karatasi kati ya nondo.

"Nesi, umechanganya. Hizi namba ni zangu."

"Ni za mjukuu wako, Bibi. Ana presha."

"Presha ya nini? Ana mume huyu?"

"Apunguze chumvi. Na akimbie, acheze, kila siku saa nzima."

"Acheze wapi?" Akanionyesha ukuta wa jirani, wenye matundu matatu ya risasi. "Wewe mwenyewe hapo umepita ukitembea?"

Nilikuwa nimepita mbio.

Kengele ya kanisa ikalia. Bibi akaketi kwenye ngazi, akavua soksi, akazivuta kuona kama zinanyumbuka, kisha akazifunga ncha kwa ncha zikawa duara. Upande mmoja akauzungusha kwenye nguzo ya geti, wa pili kwenye miguu yake mitupu iliyovimba, akarudi nyuma mpaka zikakaza.

"Onezwa! Zima hiyo televisheni, njoo uruke!"

Halafu akanigeukia.

"Na wewe usiondoke. Hesabu hiyo saa yako nzima."