Kijicho cha Nguchiro

Mwamba uliporomoka ukaua pimbi sita, akapona wa saba. Tangu hapo wanyama wote wakawa wanampelekea makuyu yaliyoiva, na Nguchiro, jirani yake, akawa anaungua kwa kijicho. Kupona apone, na kubembelezwa abembelezwe! Yeye mwenye njaa ya kila siku, nani amemletea hata kokwa?

Basi akajipaka vumbi, akaenda kwa Pimbi akichechemea. "Dada, hata mimi nilikuwepo. Nimeponea chupuchupu."

Pimbi akainuka. Makuyu ya siku tatu yalikuwa mbele yake, hayajaguswa.

"Ulikuwepo? Basi niambie, jirani. Mdogo wangu aliniita, nami nikakimbia bila kugeuka. Aliendelea kuniita?"

Nguchiro akajipangusa lile vumbi.

"Nisamehe, dada. Sikuwepo. Nilitaka makuyu tu."

Pimbi hakumfukuza. Alimsogezea rundo lote, akamtazama kwa jicho ambalo Nguchiro alilijua vizuri, maana ndilo yeye mwenyewe alilokuwa akimtazamia Pimbi.

"Sikuwepo," Pimbi akarudia polepole. "Una bahati wewe! Laiti ningeweza kulisema neno hilo, nami ningekula."