Mkono Uliolowa

Nilizamisha mkono ndani ya gunia la pamba hadi kiwiko, vidole vikakuta maji.

"Nyamizi, mmenyunyizia?"

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima aliangalia pembeni. "Mwalimu, tangu haya makampuni yaingie, kila mtu ananyunyizia ili uzito upande. Na mizani yao unaijua."

Kwa miezi sita nilikuwa nikitoka Bariadi kwa baiskeli kuwafundisha biashara bila malipo. Mnunuzi nilimtafuta mimi, nikamwapia kuwa pamba yao ni kavu.

Honi ya lori ikalia nje. Nyamizi akanitupia kanga begani. "Jifute haraka."

Mnunuzi akaingia akicheka, mkono ameshaunyoosha.

Sikuigusa kanga. Nikampa mkono uleule, nikaushikilia wake mpaka akaacha kucheka.