Siku Nne Hadi Idodi

Sauti ilimwita kwa jina. Koplo Yotamu akashusha mkono, na wenzake watatu wakalala kifudifudi kwenye majani makavu, bunduki ubavuni.

"Yotamu! Jitokezeni! Zoezi limekwisha!"

"Huyo ni Sajini Didas," Halfani alinong'ona.

"Ndiye. Fumba mdomo."

Kabla hawajaondoka Iringa, Kapteni aliwaonya. Kombania nzima itawasaka kama adui, na adui hana aibu. Atawaita kwa majina. Atasema mambo yamekwisha. Atakayejitokeza ameshindwa.

Firimbi ikalia mara tatu, ikafifia kuelekea mtoni. Hiyo ilikuwa siku ya pili.

Mwaka ule wa 1957 wakubwa wa Keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa wanajaribu jambo jipya. Badala ya askari kutembea kundi zima kama wanakwenda harusini, waligawanywa wanne wanne, kila kikundi na njia yake porini. Hakuna redio. Hakuna afisa wa Kizungu. Chakula mgongoni, maji watafute, mgonjwa wamtibu wenyewe. Baadhi ya maofisa walicheka waziwazi: koplo Mwafrika, bila mtu wa kumwelekeza, atapotea kabla jua halijapanda. Yotamu alikuwa na miaka kumi na moja ya utumishi, na kicheko kile kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Angefika Idodi bila kuonekana, tena na watu wanne. Si watatu.

Wa nne ndiye aliyemtia wasiwasi. Saulo alikuwa mdogo kuliko wote, kijana wa Uyole, na siku ya kwanza tu aliteguka kifundo cha mguu. Mama yake, Ikupa, alikuwa jirani wa Yotamu. Siku kijana anaandikishwa, mama huyo hakulia wala hakuomba dua ndefu. Alimwambia Yotamu, "Nimekupa mzima, nirudishie mzima," akarudi shambani kwake.

Basi Yotamu alimfunga bandeji, akamchongea fimbo, akagawa mzigo wake kwa wengine. Ulipofika wakati wa kula, Jaha alitoa kopo lake la nyama akaligeuzageuza.

"Ng'ombe huyu alichinjwa na nani?" aliuliza. "Alisomewa bismillahi kwa Kiingereza?"

"Mpe Saulo," alisema Halfani, ambaye naye alikuwa Mwislamu, Mhehe mzaliwa wa Mlandege, Iringa. "Mnyakyusa asiyepata ndizi siku mbili ni nusu mtu. Labda nyama itaziba pengo."

"Bora nusu Mnyakyusa kuliko Mhehe mzima," Saulo alijibu, akala huku anacheka.

Yotamu naye akampa makopo yake. Kiongozi hali nyama huku askari wake anachechemea. Wao watatu wakashiba ugali na maharage.

Jioni ya siku ya pili uvimbe wa mguu ulikuwa umepungua, lakini Saulo alilalamika kwamba kinywa kimemkauka, na kwamba kila mti anauona miwili. Yotamu akamgusa paji la uso. Halina moto. Akampa kwinini hata hivyo, na kopo jingine.

Siku ya tatu kope za Saulo zilikuwa zinaanguka zenyewe, na sauti yake ilitokea puani. Wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, wakambeba kwa machela. Kumeza kulimshinda. Yotamu akawasha moto wa kuni kavu usiotoa moshi, akaiponda nyama, akaifanya mchuzi, akamlisha kijiko kwa kijiko.

"Kunywa, mdogo wangu. Bila nguvu hutafika."

Mchuzi mwingi ulimwagikia kidevuni. Kidogo kilipita.

Wakiwa bado hapo ndege ndogo ilikuja chini sana, ikazunguka mara mbili. Walijibanza chini ya miyombo mpaka ikaondoka.

"Koplo," Jaha alisema, "ndege nzima kwa ajili ya watu wanne?"

"Ndivyo wanavyotaka tushindwe."

Halfani hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wa Saulo.

"Afande, tupige risasi moja hewani. Waje wamchukue. Zoezi ni zoezi, mtu ni mtu."

Yotamu alitazama bunduki yake. Alimwona Ikupa akirudi shambani bila kugeuka nyuma. Aliwasikia wale maofisa wakicheka. Kisha akamwinamia Saulo.

"Tuwaite?"

Kijana alijaribu kusema, ikashindikana. Akatikisa kichwa kidogo: hapana.

"Kesho tuko Idodi," Yotamu alisema. "Kambini kuna daktari. Tukitembea kweli, tutafika mapema kuliko kukaa hapa tukisubiri kubebwa. Shika machela."

Walitembea kweli. Walipita makorongoni, wakafuta nyayo zao kwenye mchanga, wakavuka maji mahali ambapo hata ng'ombe hawavuki. Mara mbili wasakaji walipita karibu nao, hatua hamsini tu, wakiita, na mara mbili hakuna aliyepiga chafya. Hata Kapteni mwenyewe asingewaona.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, waliingia uwanja wa Idodi. Hakuna mlinzi aliyewaona mpaka walipokuwa katikati ya mahema. Yotamu akanyoosha kofia yake. Kifuani mwa Saulo, blanketi lilikuwa bado linapanda na kushuka, taratibu sana. Watu wanne. Maneno ya kumwambia Kapteni alikuwa ameyapanga tangu alfajiri.

Kapteni hakuwa mezani kwake. Alikuwa amepiga magoti ndani ya hema kubwa, ambamo askari walilazwa chini mistari mitatu. Sajini Didas ndiye aliyewakimbilia, sauti imemkauka kabisa kwa kupiga kelele porini.

"Siku tatu tunawaita," alisema. "Nani kati yenu amekula nyama ya kopo?"