Pampu Aliyoisifu Mwanasiti

Kila nyumba ilikuwa na kompyuta iliyotunza sauti za marehemu wake, nayo ilipozwa kwa maji yaliyozungushwa na pampu. Maji yakivuja, sauti zimepotea moja kwa moja. Kwa hiyo Mwanasiti, mjaribu pampu wa mtandaoni, akisifu moja, mji mzima huinunua.

"Nimeiendesha wiki nzima juu ya karatasi ya chooni, na karatasi bado kavu. Fungeni bila wasiwasi!" aliiambia kamera, wala hakudanganya.

Mama mkwe wake, aliyekuwa jikoni akizungumza na sauti ya marehemu mumewe, alifurahi. "Basi tufungie na sisi, mwanangu. Yetu inakoroma, na mzee ameanza kukatikakatika."

Mwanasiti aliigusa pampu yao kuukuu, akaitazama ile mpya mkononi.

"Tusubiri kidogo, mama," alisema. "Tuone kwanza kwa majirani."